Maziwa ya Pensheni na Kifua cha Fundi wa Rangi

Matisi, Kitale
9 Februari 2025

Kwa Senge Peris, shangazi yangu,

Mulembe, Senge. Naomba uwe umeketi unapofungua hii, maana najua ukiona mwandiko wangu utafikiri kuna msiba. Hakuna msiba. Emmy ni mzima na anakusalimu. Mama yake ametuletea kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kuganda yenye masizi, kutoka Cheptais. Ian wetu ameingia gredi ya pili na kufikia leo amepoteza penseli nne, mojawapo ikiwa ya mwalimu.

Utauliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu yangu imeharibika upande wa kuongea: mimi nasikia watu, wao hawanisikii. Halafu ni wewe uliyelalamika Krismasi kwamba kizazi chetu hakijui barua. Basi nimeamua kukufurahisha. Tonny, yule wa pikapu ya viazi na kabichi, hupita kwako Jumatano na Jumamosi, na amekubali kuwa posta yetu.

Habari kubwa ni hii. Unajua Januari kila shule hukumbuka kwamba basi lake limechubuka. Mwaka huu tumepuliza rangi mabasi kumi na moja, yote manjano, hadi Emmy anasema masikio yangu yanawaka gizani. Tulipomaliza la mwisho, Mzee Gathii mwenye gereji aliniita ofisini na kufunga ule mlango ambao huwa haufungwi. Akasema magoti yake yamechoka, Agosti anarudi kwao kupumzika, na gereji ataniachia mimi niiendeshe. Mimi, Senge. Miaka tisa tangu nianze kwa kusugua msasa.

Kifua kinanisumbua kidogo, ni baridi ya Kitale tu. Kila jioni nakunywa pakiti ya maziwa kama mafundi wote wa rangi, yasafishe ndani. Usijali.

Mwanao,
Derrick Wepukhulu


Kanduyi, Bungoma
16 Februari 2025

Baba,

Mulembe. Barua imefika, na inanuka kabichi. Nakuita baba kwa kuwa umebeba jina la baba yangu, lakini usifikiri hilo litanizuia kukuvuta masikio.

Huku tuko salama. Mahindi ya mwaka jana bado yapo, panya pia wapo, na kila upande unadai ghala ni lake. Kanisani nilisimama wakati wa shukrani nikatangaza habari ya gereji. Nilianza na siku ulipozaliwa ili watu wapate mtiririko. Mchungaji alinikatiza ukiwa bado darasa la tano, kwa hivyo Jumapili ijayo naendelea.

Sasa maziwa. Hiyo pakiti unayonunua dukani ni maji yaliyopita karibu na ng'ombe. Fundi wa rangi anahitaji maziwa yenye mafuta, yashike ile rangi kifuani yateremke nayo. Kuanzia Jumatano Tonny atakuletea lita tatu za Pensheni. Unamjua Pensheni, ni yule ng'ombe niliyemnunua siku nilipostaafu, na ndiye mtu pekee katika boma hili anayenisikiliza hadi mwisho.

Kuhusu mursik wa mama mkwe wako sina neno. Nasema tu kwamba kitu chenye masizi hakiwezi kumsafisha mtu.

Na hiyo simu yako inayosikia bila kusema, naomba utengeneze.

Senge wako,
Peris Nelima


Matisi, Kitale
27 Aprili 2025

Kwa Senge,

Tulifika salama Jumatatu ya Pasaka. Ian bado anasimulia jinsi Pensheni alivyomramba kichwa, na kila mgeni lazima aonyeshwe mahali penyewe. Emmy anashukuru kwa kuku. Kwa bahati mbaya kuku alifungua kamba tukiwa Kiminini, na nadhani sasa ni mkaaji wa huko.

Nisamehe kwa kukaa kimya miezi miwili kabla ya Pasaka. Kazi ilikuwa nyingi.

Kuna jambo limenishangaza. Siku tano nilizokaa kwako sikukohoa hata mara moja. Nilipasua kuni, nilicheza mpira na Ian, nililala chali mpaka jua likanikuta kitandani. Jumanne nikarudi kazini, na jioni hiyohiyo kifua kikafunga. Kilikuwa kinapiga filimbi, Ian akaniuliza nimemeza nini.

Nakunywa maziwa yaleyale, ya Pensheni yuleyule. Nimefikiria sana nikaona kuna majibu mawili tu. Ama maziwa yakisafiri yanapoteza nguvu, ama ni mashimo ya barabara yanayoyachafua kwa kuyatikisa. Wewe ulifundisha sayansi, waonaje? Labda Tonny ayapakate.

Gathii ameanza kuniachia funguo wikendi.

Mwanao,
Derrick


Kanduyi, Bungoma
4 Mei 2025

Baba,

Mulembe. Huku mvua imekuja na kila mtu anapanda, hata wale ambao huwa wanasema watapanda kesho. Kuku wa Kiminini nimemsamehe.

Umemwuliza mwalimu wa sayansi, basi utapata mwalimu wa sayansi. Nilichukua karatasi nikaandika washukiwa wote. Maziwa: uliyanywa huku na huko, kwa hivyo hayana hatia. Mursik: nilitamani sana awe ndiye, lakini mlikuja na kibuyu kizima na ulikunywa mbele yangu bila kukohoa. Marashi ya Emmy: Emmy alikuja nayo, kanisa zima ni shahidi. Godoro: la kwangu ni kuukuu kuliko lenu. Baridi: Bungoma usiku wa Pasaka kulikuwa na baridi hadi nikavaa soksi.

Kitu kimoja tu hukuja nacho, Baba. Hukuja na kazi yako. Jibu hilo sikulipenda, nikafanya hesabu upya mara tatu, likatoka lilelile.

Halafu kuna Tonny. Alilala kwenu pikapu ilipoharibika, si ndio? Nilimpa chai na mandazi, akafunguka bila hata kuulizwa. "Madam, huyo mtu wako harari usiku," aliniambia. "Anaketi tu kwa kitanda anashika magoti, anavuta hewa ni kama anavuta maji kwa kisima. Si ati nasengenya, bana, lakini mimi niliogopa nikatoka kurara kwa gari."

Baridi kidogo, uliniambia. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nenda kwa daktari wa kifua wiki hii, umweleze kazi unayofanya, umwambie na habari ya Pasaka. Maziwa naendelea kutuma.

Senge


Matisi, Kitale
25 Mei 2025

Kwa Senge,

Sisi wazima. Ian ameng'oka jino la mbele na analiuza kwa bei ambayo hakuna mnunuzi.

Nimeenda. Daktari anaitwa Rotich, mtu mrefu asiyecheka. Nilianza kumwambia ni baridi, akainua mkono, akaniuliza, "Unafanya kazi gani?" Nilipomjibu aliweka kalamu chini. Akauliza kama tunatumia hadina. Senge, hadina ni ile dawa tunayochanganya na rangi ili ikauke ngumu na kung'aa. Bila hadina basi la shule likioshwa mara mbili linapauka. Nikasema tunaitumia kila siku.

Alinieleza hivi, nami nakuandikia kama nilivyoelewa. Ndani ya hadina kuna kemikali zinaitwa isosayaneti. Ukizivuta zinajishikiza kwenye protini za mwili wako mwenyewe, na protini hizo zinaonekana ngeni. Kinga ya mwili, hao askari wanaopigana na magonjwa, wakaziona wakadhani ni wavamizi. Kwa miaka walinyamaza huku wakizikariri. Siku moja wakaamua kwamba yametosha. Tangu hapo hadina ikifika, hata kidogo, askari wanakimbilia kwenye njia za hewa, zinavimba na kubana. Mara nyingine wanachelewa, ndiyo maana mchana nafanya kazi vizuri na usiku nateseka. Alisema ni kama mbwa aliyepigwa jiwe na mtu fulani: baadaye hahitaji kuona jiwe, harufu ya mtu huyo langoni inatosha.

Nikamwuliza mbona Kimeli tunapuliza naye bega kwa bega na yeye anaimba tu. Akasema miili haifanani, na Kimeli asijigambe bado.

Nikamwuliza habari ya maziwa. Akasema, "Maziwa yanaenda tumboni. Kifua ni nyumba nyingine." Samahani, Senge.

Amenipa inhela ya kuvuta kifua kikibana, na kifaa kidogo cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi. Juni yote nipulize mara nne kwa siku, kazini na nyumbani, siku za kazi na za mapumziko, niandike namba. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda siku za mapumziko, basi ni hadina, na itabidi niiache kabisa. Si kupunguza. Kuiacha.

Gathii sijamwambia. Nawe usitangaze kanisani.

Derrick


Kanduyi, Bungoma
1 Juni 2025

Baba,

Mulembe kwenu nyote. Mwambie Ian nitalinunua jino, bei tutapatana.

Huyo daktari amenipendeza, isipokuwa kwenye maziwa. Nilikaa kwenye zizi na Pensheni nikamweleza hali ilivyo. Aliipokea vizuri kuliko mimi. Hata hivyo mtu anayetumia nguvu anahitaji kunywa kitu, kwa hivyo lita tatu zinaendelea.

Ukimaliza mwezi nitumie nakala ya hizo namba. Najua daktari ataziona, lakini mimi nataka kuziona pia. Andika zilivyo, Derrick. Hata zikiwa mbaya kiasi gani, andika zilivyo.

Senge


Matisi, Kitale
6 Julai 2025

Kwa Senge,

Habari za siku nyingi. Huku tunavuna sukumawiki hadi majirani wanatukwepa. Mama mkwe amekuja na asali, ameulizia afya yako, na nikamwambia unasifu sana mursik wake. Nimesema uongo kwa ajili ya amani.

Namba ndizo hizi, nimezinakili kwenye karatasi ya pili. Utaona ni nzuri. Siku za kazi na siku za mapumziko zinalingana, kwa hivyo naona daktari aliharakisha. Pengine ni vumbi tu. Nitampelekea wiki ijayo.

Gathii ametangaza rasmi: Jumamosi tarehe 2 Agosti ananikabidhi gereji mbele ya mafundi wote. Kutakuwa na mbuzi. Nakuomba uje, na uvae ile kofia ya harusi.

Derrick


Kanduyi, Bungoma
10 Julai 2025

Derrick,

Leo sikuiti baba.

Nimefundisha miaka thelathini na minne. Nimeletewa kazi ya nyumbani iliyoliwa na mbuzi, iliyosombwa na mto Kuywa, iliyoibwa na mgambo, na mara moja iliyozikwa kimakosa na babu wa mwanafunzi. Lakini sijawahi kuletewa siku ambayo Mungu hakuiumba. Ulipuliza 500 asubuhi, 500 mchana, 510 jioni na 500 usiku, tarehe 31 Juni.

Juni ina siku thelathini, mwanangu. Nilikufundisha mwenyewe kwa kuhesabu vifundo vya ngumi.

Na kabla sijafika huko nilikuwa nimeshaona. Mwandiko ni wa kalamu moja na mkao mmoja, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, wa mtu aliyeketi mara moja akamaliza mwezi. Namba zote zinaishia na sifuri. Watoto wanaopika majibu hupenda namba za mviringo, kwa sababu namba za kweli zina sura mbaya. Nimechukua kalamu nyekundu nikaweka alama ya kosa kwenye ukurasa mzima.

Simu yako pia haijaharibika. Umempigia Tonny mara tatu mwezi uliopita na amekusikia vizuri. Uliacha kunipigia mimi, ili nisisikie pumzi yako.

Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kukuambia. Baba yako alitaka uende chuo cha ualimu. Mimi ndiye niliyesema mtoto huyu ana mkono wa rangi, tusimpoteze kwenye chaki. Mimi ndiye niliyekupeleka kwa Gathii, nikakuacha pale na sanduku lako, nikarudi nikijisifu njia nzima. Miaka tisa nimekusifia makanisani. Sasa kila nikifikiria kifua chako najiona mimi nimekushika mkono nikikuingiza kwenye lile lango. Inaniuma sana, na sijui pa kuuweka uchungu huu.

Usimpelekee daktari ile karatasi. Akikuamini, utakufa na gereji mkononi. Mpelekee namba za kweli. Kama huna, anza leo.

Senge Peris


Kanduyi, Bungoma
23 Julai 2025

Baba,

Hujajibu. Leo Tonny amerudi na maziwa ya Jumamosi yakiwa yameganda ndani ya mtungi. Anasema alikuta mlango umefungwa na jirani akamwambia mmeenda hospitali, hajui ya wapi, hajui nani.

Nilipiga simu ya Emmy mara kumi na tisa. Jioni ametuma ujumbe wa maneno matano: "Yuko salama. Atakuandikia mwenyewe, Senge." Mimi ni mwalimu, najua mtu akiandika maneno matano ameyafuta mengine hamsini.

Nimefunga mfuko wa safari mara mbili na kuufungua mara mbili. Naogopa kuja nikukute, na naogopa kutokuja.

Nimeshamzika Wepukhulu mmoja. Alikuwa na miaka themanini na saba, na bado niliona amewahi.

Andika. Hata uongo, andika.

Senge


Matisi, Kitale
4 Agosti 2025

Kwa Senge wangu,

Niko nyumbani. Nimeketi kwenye kiti karibu na dirisha, na hewa inaingia na kutoka bila kuniomba ruhusa. Emmy anakusalimu na anaomba msamaha kwa yale maneno matano. Ni kweli, alifuta mengi.

Ilikuwa Alhamisi tarehe 17. Barua yako ya tarehe 10 niliipata Jumatano, nikaisoma chooni ili Emmy asinione uso. Kesho yake nikaenda kazini nikiwa nimejiahidi kumwambia Gathii baada ya kukabidhiwa. Baada, Senge. Nilikuwa bado natafuta njia ya katikati.

Sikuwa hata napuliza rangi siku hiyo. Nilikuwa ofisini na Gathii tukipanga mafundi watakaobaki, mlango wazi, na upande wa pili Kimeli akafungua mkebe wa hadina achanganye rangi ya lori la mahindi. Ile harufu ilinifikia mara moja tu. Nilisimama nifunge mlango, sikuufikia. Kifua kiligoma kabisa. Nilisikia Kimeli akiita, "Derrick, niaje? Niaje, buda?" kama mtu anayesalimia, kumbe alikuwa analia.

Na unajua walifanya nini? Walinipa maziwa. Gathii alinishika kichwa, Kimeli akanishika mikono, na fundi wa betri akanimiminia pakiti nzima mdomoni. Nilikuwa sina hewa, sasa nikawa sina hewa na nina maziwa puani. Inhela ilikuwa kwenye koti, nilikuwa nimeificha ili wasiione, na kwa sababu nilikuwa nimeificha vizuri hakuna aliyeiona. Nilipofikishwa hospitali shati lilikuwa jeupe kifuani kote. Daktari Rotich akauliza, "Nani alimpa huyu mtu maziwa?" Mzee Gathii, na mvi zake zote, akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

Nililazwa siku saba. Siku ya pili Emmy alifika na bahasha. Senge, namba za kweli zilikuwepo. Nilipuliza kila siku, mara nne, kama nilivyoambiwa. Niliziandika nyuma ya vipande vya msasa wa kazini, nikavitia mfukoni, na sikutaka kuviangalia tena. Emmy anafua suruali zangu, alivikuta mwezi mzima wa Juni, akaviweka kwa mpangilio bila kuniambia. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Nakunakilia wiki moja tu, jioni zake: Jumapili 472. Jumatatu 391. Jumatano 318. Ijumaa 243. Jumapili iliyofuata 455. Daktari alivisoma kipande kwa kipande, vidole vyake vikabaki na vumbi la rangi. Kisha akasema, "Hii ndiyo hadithi yenyewe."

Hakuna njia ya katikati. Mwili wangu umeshaijua hadina na hautaisahau. Maski yetu ya kitambaa ilikuwa mapambo tu. Hata nikikaa ofisini wenzangu wakipuliza nje, nitarudi wodini, na siku moja sitarudi kutoka huko.

Gathii alikuja wodini tarehe 22 na funguo mkononi. Nilimwambia kila kitu, tangu Desemba nilipoanza kukohoa. Gereji nimeikataa. Acha niandike tena nijisomee mwenyewe: nimeikataa. Nililia mbele yake na sikuona haya. Akasema yeye huyo kila akipanda ngazi za benki husimama mara mbili na kujiambia ni umri. Jumatatu iliyofuata alienda kupimwa. Kimeli ndiye atakayeendesha gereji, lakini kwa sharti langu: chumba cha kupulizia kijengwe kivyake, na anayepuliza avae kofia yenye bomba la hewa safi kutoka nje. Gathii ameuza gari lake kuukuu apate kuvinunua. Mbuzi alichinjwa tarehe 2 kama ilivyopangwa. Waliniletea mguu mmoja nyumbani.

Mimi sijui nitafanya nini. Daktari amesema tunaweza kujaribu maandishi ya ukutani, kwa brashi na rangi ya maji, nje penye hewa, huku tukipima. Nimekuwa fundi wa mabasi tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Jana lilipita moja la manjano hapa Matisi, nikajua ni langu kwa jinsi mlango ulivyong'aa, nikageuza uso.

Lakini nalala, Senge. Usiku wa kwanza nyumbani nililala chali, na Emmy akaniamsha kwa kunitikisa mabega, uso umemkauka. Nikamwuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, ni kwamba hakusikia filimbi, akadhani nimekufa. Tulicheka hadi Ian akaja kuuliza kama kumekucha.

Nisamehe kwa Juni yote, pamoja na siku niliyoiongeza.

Mwanao,
Derrick Wepukhulu


Kanduyi, Bungoma
10 Agosti 2025

Baba,

Mulembe, mulembe, mulembe. Nimesoma barua yako mara nne. Mara ya nne nilimsomea Pensheni, nikaruka ile sehemu ya maziwa puani, maana ana moyo mwepesi. Mwambie Emmy nilimkosea. Nilidhani ni mpole, kumbe ni mpelelezi. Mama yake nitamwandikia mwenyewe kuhusu mursik, na nitasema ukweli, kwamba nilikuwa namwonea wivu.

Shule yangu ya zamani ina milango kumi na minne ya madarasa isiyo na majina, na ukuta mrefu upande wa barabara ambao mwalimu mkuu mpya anataka uchorwe mfumo wa jua na sayari zake zote. Nimemwambia namjua mtu. Amekubali rangi ya maji. Njoo Jumamosi na familia, mkae mpaka shule zifunguliwe, upime pumzi yako huku na uandike kwenye daftari ambalo nimekununulia. Kama kazi haitakutosha, tutatafuta nyingine. Wewe si basi la shule. Ulikuwa mtu kabla ya Gathii.

Umenitumia ukweli wako, nami lazima nikupe wangu. Tarehe 11 Juni nilikuja Kitale. Niliwaambia majirani naenda kumtafutia Pensheni dawa ya kupe. Nilisimama ng'ambo ya barabara mbele ya gereji, karibu na mama anayechoma mahindi, nikakuona. Ulikuwa umeketi juu ya tairi, umeinama, viwiko kwenye magoti, mabega yakipanda na kushuka. Kimeli alipotoka ulisimama haraka ukajifanya unatafuta kitu chini. Niliinua mguu nivuke. Halafu nikafikiri, nikimwuliza atanitazama machoni na kunidanganya, na huo uongo sitaweza kuuwekea alama nyekundu. Nikanunua hindi, sikulila, nikarudi Bungoma. Ile 31 Juni ilinisaidia kusema tu. Nilikuwa najua wiki nne kabla, na nilinyamaza, na ungekufa nikiwa nimenyamaza. Nisamehe na mimi.

Nilipofika nyumbani siku hiyo jua lilikuwa bado lipo. Nilivaa gambuti nikaingia zizini nikakamua. Nilijua maziwa hayasaidii, daktari wako alikuwa ameshasema, na mimi nimefundisha watoto kwa miaka mingi kwamba tumbo na mapafu havikutani. Nilikamua lita tatu nikampa Tonny, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kukutumia.

Senge wako,
Peris